Mgeni Asiye na Lugha Aombe Jembe: Namna ya Kukaa na Familia ya Kijapani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shida ya Japani ni kwamba ya tatu itafika, ya tano itafika, ya kumi itafika, na jembe hupewi. Utakirimiwa. Utamiminiwa chai, utasogezewa mto wa kukalia, utaambiwa maneno laini usiyoyaelewa, na kila ukiinuka kubeba sahani utashikwa mkono urudishwe kukaa. Kwa anayejua lugha hiyo ni raha. Kwa asiyejua ni kifungo chenye chakula kizuri: huongei, hufanyi kazi, unatabasamu tu mpaka mashavu yanauma.

Mimi ni bibi shamba kutoka bonde la Kilombero. Nilikwenda Japani kwa mafunzo ya mpunga, na ndani ya ratiba kulikuwa na wiki tatu za kukaa na familia ya wakulima mkoani Yamagata, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Honshu. Ilikuwa Novemba, mpunga umeshavunwa, baridi inaanza kung'ata. Nyumba ilikuwa na watu watano: babu, bibi, baba, mama na binti wa darasa la tatu. Kiingereza chao hakikupita salamu. Kijapani changu hakikuvuka maneno ishirini. Ninayoandika hapa ndiyo ambayo ningependa kuambiwa kabla ya kupanda ndege, na nawaandikia wenzetu wanaokwenda huko: wa mafunzo ya JICA (shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo), wa ufadhili wa serikali ya Japani, wa mpango wa ABE wa kuwasomesha vijana wa Afrika, uliotangazwa kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, wa 2013, hata aliyealikwa na rafiki kwa likizo.

Hatua ya 1: Zoeza mdomo kabla ya safari

Una bahati ambayo Mwingereza hana. Kijapani kina irabu tano, a e i o u, karibu sawa na zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Ukiandikiwa "sakana" au "watashi" unasoma tu. Katika darasa letu la utangulizi Waswahili tulikuwa tunasifiwa matamshi na huku hatujui tunasema nini.

Pa kuangalia ni urefu wa irabu. Obasan ni shangazi, au mama yeyote wa makamo. Obaasan ni bibi. Ukimvutia irabu mama wa miaka arobaini umemzeesha mbele ya watoto wake. Sisi tunaojua kwamba "cho" na "choo" si kitu kimoja hatuna kisingizio.

Halafu kuna maneno yanayofanana na yetu kumbe si yetu. "Nani" kwao ni nini. "Saba" ni samaki aina ya makreli. "Mimi" ni sikio. Nilipofika nilijigonga kifua nikasema "mimi" na jina langu, na yule binti akaniangalia masikio yote mawili kwa makini. (Wenyewe wanapojitaja hujionyesha pua kwa kidole, si kifua.) Usimwite mwenye nyumba "baba", maana kuna neno lao linalokaribiana sana na hilo, nalo ni tusi la kumwita mwanamke kikongwe, mwite "otoosan", na mkewe "okaasan". Siku utakapotengewa pweza, mama mwenyeji atakiinua kipande kwa vijiti na kukitaja kwa furaha: "Tako!" Jikaze usicheke. Na katika kisiwa cha Kyushu kuna mji mkubwa ambao jina lake sitaliandika hapa kwa heshima ya wasomaji. Utakapousikia kwenye taarifa ya habari, angalia chini.

Kujifunza, anzia NHK. Shirika hilo la utangazaji lina idhaa ya Kiswahili, na masomo yake ya Kijapani cha kuanzia yanapatikana kwa lugha yetu, bure. Usilenge kujua lugha kwa miezi miwili. Lenga maneno ishirini unayoweza kuyasema hata ukiamshwa usingizini.

Hatua ya 2: Andaa karatasi moja na begi dogo

Karatasi ni ya mambo yasiyostahili kubahatishwa: chakula usichokula, dawa unazotumia, kitu kinachokudhuru, namba ya mtu wa kupigiwa. Mtafute anayejua Kijapani akuandikie kwa herufi zao, kisha familia ipewe kabla hujafika. Ukiipeleka siku ya kwanza mezani umechelewa. Mama ameshapika tangu jana yake.

Kwa Mwislamu hili ni la lazima. Kusema huli nguruwe hakutoshi, kwa sababu pombe iko jikoni kuliko ilivyo mezani. Mirini, kiungo kitamu wanachotia kwenye michuzi na samaki, ni pombe ya mchele. Sentensi mbili za kukariri: "Butaniku wa tabemasen", sili nguruwe, na "Osake mo nomimasen", pombe pia situmii. Ongeza ya tatu kwenye karatasi, kwamba hata ya kupikia hutaki. Samaki, mayai, tofu, mboga na wali vimejaa, hutakufa njaa. Sala waite "oinori", waonyeshe tu mkeka wako. Kibla huko ni magharibi, ikipanda kidogo kaskazini.

Zawadi isiwe kubwa. Kubwa inawatwisha deni, na deni la zawadi Japani hulipwa. Kahawa ni chaguo zuri, kwa kuwa kahawa ya arabika ya Tanzania huuzwa kule kwa jina la Kilimanjaro, jina wanalolijua kuliko Dodoma. Korosho pia. Mimi nilibeba doti ya kanga yenye "Mgeni njoo mwenyeji apone", na maelezo yake yalitumaliza jioni nzima. Nyama ya aina yoyote acha nyumbani, hata iliyokaushwa, na embe vilevile. Uwanja wa ndege watavichukua. Usitoe vitu vinne vinne: namba nne kwao hutamkwa "shi", sawa na kifo. Toa kwa mikono miwili, na wasipoifungua mbele yako usinune, huo ni ustaarabu.

Zaidi ya zawadi, chapisha picha kumi. Za karatasi, si za kwenye simu. Simu hushikwa na mtu mmoja. Picha za karatasi humwagwa mezani, kila mtu anaokota yake, na mazungumzo yanaanza bila kitenzi hata kimoja. Picha yangu iliyofanya kazi kuliko zote ilikuwa ya mama yangu amesimama kwenye jaruba, maji yamefika magotini. Bibi aliikaribisha machoni, akaanza kuhesabu machipukizi ya mpunga kwa ncha ya ukucha.

Hatua ya 3: Piga hodi, na uvue viatu vizuri

Hapa Kiswahili kinakusaidia tena, si kwa sauti bali kwa tabia. Wao wana hodi. Ukiwa nje unaita "Gomen kudasai!", na ukikanyaga ndani unasema "Ojama shimasu", yaani nawasumbua. Ukitoka asubuhi unasema "Ittekimasu", nakwenda narudi. Wao watakujibu "Itterasshai". Ukirudi: "Tadaima!", nao kwa sauti moja: "Okaeri!" Hayo si mapambo. Mtu anayeingia kimyakimya nyumbani kwa watu kwetu tunamwitaje?

Ndani ya mlango kuna sehemu ya chini, halafu ngazi moja. Viatu vinabaki chini, miguu inapanda juu, na soksi yako isiguse sakafu ya chini. Geuza viatu vitazame nje. Utapewa ndara za ndani. Zivue ukifika chumba chenye mikeka ya tatami, ambayo hukanyagwa kwa soksi au miguu mitupu. Choo kina ndara zake, na kosa la kila mgeni ni kutoka nazo hadi sebuleni. Soksi ziwe nzima, tafadhali.

Hatua ya 4: Uione nyumba kabla giza halijaingia

Omba kwa ishara uonyeshwe choo na bafu, kila kitufe. Vyoo vyao vina vitufe kama redio. Viwili vya kuvuta maji vitakufurahisha: 大, "kubwa", na 小, "ndogo". Ni haja kubwa na haja ndogo, kama tunavyosema sisi. Nimeona Wazungu wakielezwa hilo kwa dakika tano. Herufi ya tatu ya kukariri ni 止, simamisha. Utaihitaji siku utakapobonyeza kitufe cha maji ya kutawadhia ukiwa bado unachunguza.

Kuoga kuna mpangilio wake, na hapa hakuna msamaha mrefu. Unajisafisha nje ya hodhi, umekaa kwenye kigoda, sabuni yote inaisha hapo, unajisuuza. Ndipo unaingia kwenye hodhi kujipasha moto, na maji ni ya moto kwelikweli, nyuzi 40 au zaidi. Maji hayo ni ya nyumba nzima. Mgeni kwa kawaida huingia wa kwanza, ndiyo heshima yako, na heshima yao ni wewe kutochomoa kizibo. Ukitoka rudisha kifuniko ili joto lisipotee. Kama kuoga maji ya pamoja kunakukwaza, oga nje ya hodhi basi, hakuna atakayekuhoji.

Jambo la mwisho kabla ya kulala: onyesha meza, tikisa mikono, uliza "Jishin?" Ni tetemeko. Watakuonyesha pa kujificha na taa ya dharura ilipo. Dakika moja tu, na usiku simu zote zikilia kwa pamoja kutahadharisha tetemeko hutakimbilia usikokujua.

Hatua ya 5: Saa andika, usiseme

Hii iliniaibisha. Usiku wa kwanza mama mwenyeji aliniambia sentensi ndefu, nikadaka maneno matatu: "ashita", kesho, "gohan", chakula, na "shichi-ji". Shichi niliijua, ni saba. Nikaelewa kesho chakula saa saba mchana. Nikashukuru Mungu kwamba nimepewa asubuhi ya kulala, nikajifunika.

Kumbe neno lilikuwa "asagohan", chakula cha asubuhi, na saa saba yao ni saa moja yetu. Walinisubiri wote watano, chakula kimefunikwa, mtoto amevaa begi la shule. Saa moja na dakika arobaini bibi akagonga mlango taratibu.

Basi: namba za Kijapani jifunze, lakini za saa zisiingie kwenye kichwa cha Kiswahili. Chukua karatasi, chora uso wa saa, mwache mwenyeji aweke mishale. Na ukiambiwa saa moja asubuhi, fika dakika tano kabla.

Hatua ya 6: Mezani

Kabla ya kula, viganja pamoja: "Itadakimasu". Ukimaliza: "Gochisoosama deshita". Hizo mbili ukizisema kwa moyo zitakufunikia makosa mengi.

Vijiti visisimikwe wima kwenye wali, hivyo ndivyo wanavyoutengea wali wa marehemu. Chakula kisipokezanwe kutoka vijiti hadi vijiti, kwa sababu ndivyo wanavyookota mifupa baada ya kuchoma maiti. Mengine yote ya vijiti watakucheka tu, na kijiko kipo ukiomba.

Kilichonisumbua mimi ni mkono wa kushoto. Nimelelewa kwamba kushoto hakuguswi chakula. Kule bakuli la wali hushikwa kwa kushoto na kuinuliwa karibu na mdomo, vijiti vikiwa kulia. Ukiliacha mezani ukaliinamia, unaonekana huna adabu. Ilinichukua siku nne kuusamehe mkono wangu. Tambi za mchuzi unaweza kuzivuta kwa sauti, na mchuzi wa miso unauinua na kunywa bakulini.

Usibakize. Watakwambia "mottainai", neno la kusikitikia kitu kinachopotea bure, ambalo marehemu Profesa Wangari Maathai alilikuta Japani mwaka 2005 akalipeleka duniani kote. Kwa hiyo sema mapema "sukoshi", kidogo, kabla bakuli halijajazwa. Ukishiba: "Onaka ippai desu", tumbo limejaa.

Hatua ya 7: Lidai jembe lako

Sasa tumefika. Ukiuliza kama unaweza kusaidia utajibiwa hapana, kwa upole, kila siku. Mgeni anayeosha vyombo anamtia mwenyeji aibu, na kwa swali lako umemlazimisha achague kati ya aibu yake na furaha yako. Atachagua kukukalisha. Nililiuliza swali hilo siku tano.

Siku ya sita nilibadilisha maneno. Badala ya "nisaidie?" nikasema "Oshiete kudasai": naomba unifundishe. Mambo yakageuka papo hapo. Mtu aliyeombwa kufundisha hadaiwi chochote, amepewa cheo. Bibi alikuwa barazani na vikapu vya kaki, tunda linalofanana na nyanya yenye rangi ya chungwa. Aliniangalia, akasogea, akapiga ubao kwa kiganja. Kaa hapa.

Kaki zile si za kula mbichi. Niling'ata moja kwa ubishi, na ukakasi wake ulinifunga mdomo kama nimelamba ganda la ndizi mbichi. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Zinamenywa, zinafungwa uzi, zinachovywa kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, zinaanikwa chini ya upenu mpaka zinageuka tamu. Siri iko kwenye kikonyo: unakata tawi kwa namna ya kubakiza kipande kilicholala kama herufi T, na hapo ndipo uzi unaposhikilia. Zangu tatu za kwanza zilianguka.

Kazi hiyo ina lugha ya maneno matatu. Unafanya, unamwonyesha, unauliza "Koo?", hivi? Anajibu "Soo", ndivyo, au "Chigau", sivyo. Kwa maneno hayo unaweza kukaa na mtu mchana kutwa. Bibi hata "soo" hakusema. Kwa lahaja ya kwao husema "nda". Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Nikainua kaki: "Koo?" Akatikisa kichwa: "Nda, nda." Nikamjibu "Ndiyo", na yeye, kwa kuwa lilisikika kama lake, akaona nimekijua Kijapani cha Yamagata kuliko mwalimu wangu. Tangu siku hiyo alinisemesha bila kupunguza mwendo, na mimi nikawa naitikia "nda" pale sauti yake ilipotua. Sikuelewa robo. Nilielewa kwamba mumewe hapendi kaki zilizokauka sana na kwamba mwaka uliopita kunguru waliiba.

Kazi zipi za kuanzia? Zile za kurudiarudia, za kukaa chini, zenye mtu mmoja wa kukuonyesha: kumenya, kukunja nguo, kufuta meza, kuchambua maharage. Kukunja godoro la futoni asubuhi na kulirudisha kabatini usingoje kuambiwa. Taka nazo ni shule nzuri: kuna siku ya za kuchoma, siku ya plastiki, siku ya makopo na chupa, na ratiba imebandikwa jikoni. Mfuko hupelekwa kituoni asubuhi, si usiku. Ukiubeba pamoja na mama utawaamkia majirani wote kwa "Ohayoo gozaimasu", na ndani ya wiki mtaa mzima unajua nyumba ile ina mgeni gani. Jikoni kwenye moto na visu vikali subiri kualikwa. Makabati usifungue mwenyewe.

Watoto ni walimu bora kuliko watu wazima, kwa kuwa hawakuonei haya. Jifunze "jan-ken-pon", mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya 8: Simu itafsiri vitu, si hisia

Programu ya kutafsiri ni ya lazima dukani na kwenye dawa. Kamera yake inasoma maandishi ya kwenye pakiti, utaona kama biskuti ina mafuta ya nguruwe. Kwenye mazungumzo andika sentensi fupi, taja nani anafanya nini, na kila mara geuza tafsiri irudi Kiswahili uone imekuwa nini.

Niliwahi kumwandikia baba mwenyeji, karudi shambani kaloa, "Pole na kazi". Programu ikamwomba radhi. Akashtuka, akauliza kwa mikono nimevunja nini. "Pole" yetu haipiti kwenye Kiingereza, na programu nyingi zinapitia huko. Bahati nzuri Kijapani chenyewe kina neno lake, tena lililo sawasawa: "Otsukaresama desu". Mwambie yeyote anayetoka kazini. Kwa bibi programu haikufaa kabisa, maana haikuelewa lahaja yake, kama isivyoweza kumwelewa mzee wa Makunduchi.

Na kuna saa ambazo simu iwekwe chini. Jioni familia inakaa kwenye kotatsu, meza fupi yenye kipasha joto chini na blanketi pembeni, miguu ya wote iko humo, televisheni inaonyesha sumo, mieleka ya Kijapani. Mashindano ya Novemba hufanyika Fukuoka. Babu, ambaye kwa siku nane hakuwa ameniambia zaidi ya salamu, aliposikia mtangazaji akisema Fukuoka alinigeukia ghafla. "Tanzania," akasema. "Ikangaa!" Akaanza kupiga mikono kama mkimbiaji. "Ikangaa! Seko!" Akaonyesha vidole vitatu.

Nilijua jina tu. Tukatafuta kwenye simu, tukaona: mbio za marathoni za Fukuoka, 1983, Juma Ikangaa na Toshihiko Seko wanaingia uwanjani pamoja, na Seko anamchomoka mwishoni kwa sekunde tatu. Mzee yule alikuwa amezibeba sekunde hizo tatu miaka yote. Alimwonyesha Ikangaa kwa kidole, akaniinamia mimi, kana kwamba nilikimbia. Wewe Mkenya usiwe na wasiwasi: Douglas Wakiihuri alifanyia mazoezi Japani, na Samuel Wanjiru alisoma shule Sendai kabla ya kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Mtafute mzee wa nyumba, taja jina, kaa kimya.

Hatua ya 9: Ijue hapana isiyosemwa

"Hai" maana yake mara nyingi ni nakusikia, si nakubali. Ukiomba kitu, mwenyeji akavuta pumzi kwa meno na kusema "chotto...", kidogo..., kisha sentensi ikafia hapo, hiyo ni hapana. "Muzukashii", ni vigumu, nayo ni hapana. Usilalamike kwamba hawasemi ukweli. Sisi wenye "tutaangalia" na "nitakutafuta" tunalijua soko hilo. Acha ombi, shukuru.

Ishara moja iko upande wetu: huita mtu kwa kiganja kikitazama chini, vidole vikipunga, kama tunavyoita sisi. Wakipishanisha mikono kama X, maana yake ni hapana, marufuku.

Wewe nawe ukitaka kukataa, usitumie njia yao, hutaiweza. Sema "Sumimasen", samahani, weka mkono kifuani, tabasamu, rudia. Siku ukichoka kutabasamu, na utachoka, sema "Sukoshi yasumimasu", napumzika kidogo, uende chumbani. Nililia mara mbili kule, zote siku za wiki ya kwanza, zote bila sababu ya kueleza. Asubuhi yake nilikuta chai mlangoni.

Hatua ya 10: Namna ya kuondoka

Kama kuna pesa ya kuchangia, iwe ndani ya bahasha safi, si noti mkononi. Kunja futoni, vua mashuka uyaweke mahali pamoja, futa chumba. Acha kadi uliyoiandika kwa mkono wako: sentensi moja ya Kijapani hata ikiwa imepinda, inayobaki kwa Kiswahili. Wataitafuta maana yake wenyewe.

Mlangoni watainama, nawe inama. Kisha kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nikalijua kwa bahati kwa sababu nilisahau miwani. Gari lilipofika mwisho wa barabara niligeuka kuangalia nyuma, mita mia mbili hivi, na wote watano walikuwa bado wamesimama pale nje ya geti, bibi akipunga kitambaa cha jikoni. Hawaingii ndani mpaka upotee machoni. Kwa hiyo kabla ya kona, geuka, punga mkono.

Barua ya shukrani itume ndani ya wiki ya kwanza. Na kama unataka kadi yako ya mwaka mpya iwafikie pamoja na nyingine za Januari 1, kutoka kwetu ipeleke posta mwishoni mwa Novemba, wakati kaki zinaanikwa.